Dada Yangu, Mama Kavira

Mwanangu wa kiume ana miaka kumi na sita na masharubu yaliyoanza kumdanganya kwamba amekuwa mzee. Juzi nilimpeleka Butembo kufanya mtihani, nikataka kumwachia chumba katika hoteli moja ndogo, kisha nirudi Beni kwenye biashara yangu. Kijana wa mapokezi akaitazama kadi yake ya shule, akatutazama sisi, akasema kwa adabu nyingi: "Maman, pardon. Mutoto wa chini ya miaka kumi na nane hawezi kulala hapa peke yake. Ni règlement." Mimi si mtu wa kuambiwa hapana nikakubali. Nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi ya kumweleza yeye, na sheria yake hiyo, na tajiri wake, maneno ambayo wangeyakumbuka mwaka mzima. Ndipo harufu ya sakafu iliponifikia.

Walikuwa wametoka kuipaka ile nta nyekundu ya saruji, inayosuguliwa kwa kitambaa kizito mpaka mtu anauona uso wake chini. Harufu ilikuwa imechanganyika na mafuta ya taa. Nikajikuta nimekaa. Mwanangu akadhani ni presha, kijana akakimbilia maji, na mimi sikuweza kuwaambia kwamba nilikuwa na miaka sita tena, nimeshika pindo la kikwembe, kitenge cha kujifunga, ninangoja kusikia kama tutapewa chumba.

Wenzangu wa rika langu hawahitaji kuelezwa vita ya utotoni mwetu ilikuwaje. Tulikuwa tunaishi Butembo na mama, aliyekuwa akiuza vitambaa sokoni. Baba alikufa kabla sijaota meno, kwa hiyo kwangu alikuwa picha ukutani. Likizo ile mama alitupeleka mimi na dada yangu Eringeti kwa Mukaka, ndivyo tulivyomwita nyanya, tumsaidie kuvuna mpunga. Msaada wangu ulikuwa kufukuza ndege na kusinzia. Kisha milio ya bunduki ikaanza kusikika upande wa Ituri, kila siku karibu kidogo kuliko jana. Mukaka akasema miguu yake imekwisha kukimbia vita moja na haina haja ya kukimbia nyingine. Yeye akabaki. Sisi akatupandisha juu ya lori la mpunga lililokuwa likielekea Butembo, na dereva alikuwa mtu wa kanisa letu.

Dada yangu aliitwa Masika. Mimi nilimwita yaya, kama kila mtoto wa kwetu anavyomwita mkubwa wake. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu, mwepesi wa kukasirika kama mimi nilivyo leo, na alikuwa na nywele. Nasema alikuwa na nywele kwa sababu mtaani hakuna aliyemtaja bila kuzitaja. Mama alizisuka kwa nyuzi nyeusi kila Jumamosi, na zilipofumuliwa zilimfika mabegani. Wasichana wenzake walikuwa wakimcheka kwamba akili ni nywele, na huyu alipewa za watu wawili.

Tulipoingia Beni, askari walilisimamisha lori. Wakatushusha, wakamchukua dereva pamoja na mpunga wake wakasema wana kazi naye kidogo. Kabla hawajaondoka alimpigia dada kelele akiwa dirishani: "Masika! Kesho asubui, pale ku rond-point! Kama Mungu anapenda, tutaenda! Leo mutafute pa kulala!" Lori likaupita huo mzunguko wa barabara, likapotea katika vumbi. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na siku zile giza lilipoingia hakuna mtu mwenye akili aliyeonekana barabarani. Wasichana wawili peke yao, usiniambie.

Tulikimbilia kwanza kanisa la dhehebu letu la pale Beni. Madarasa ya kanisa yalikuwa yamejaa askari, wameanika nguo zao juu ya ua wa maua ya mke wa mchungaji. Mmoja akapiga mluzi. Dada akanigeuza kwa nguvu hivi kwamba kiatu changu kimoja kilibaki pale, na alipoona nataka kukirudia aliniburuta. Nilikililia kile kiatu njia nzima.

Nyumba ya kwanza ya wageni, mwanamume mmoja alifungua mlango nusu, akatutazama, akasema, "Hatupokee batoto," akafunga. Dada alisimama mbele ya mlango ule muda mrefu. Kisha akanivuta nyuma ya migomba ya jirani, akafungua mzigo wetu, akatoa vikwembe viwili vya Mukaka na kitambaa chake cha kichwa. Akajifunga kimoja juu ya gauni lake, na cha pili juu yake, mpaka kiuno kikawa kinene. Nywele akazificha zote ndani ya kitambaa. Akashusha mabega. Akatembea hatua chache kati ya migomba, akiburuta viatu kama mama wa watoto wengi anayetoka shambani, na mimi nikaanza kucheka.

"Hapana kucheka," akasema. "Sikia. Mimi ni nani?"

"Ni yaya."

Akanifinya sikio. "Mimi ni nani?"

"Ni mama."

"Na weye?"

"Mutoto ya mama."

"Voilà. Ukiniita yaya, batatutupa inje, na inje kuko baaskari. Unasikia? Jina yangu usiitaje kabisa. Ni mama tu, mpaka tufike kwetu."

Nikamuuliza kwa nini watu wa hoteli hawataki watoto. Akasema ni sheria, mpaka ufike miaka kumi na nane ama uwe na mzazi. Hakunieleza zaidi, nami nikajieleza mwenyewe. Kwa Mukaka godoro langu lilianikwa juani karibu kila asubuhi. Basi nikaelewa: watoto wanakojoa kitandani, na vitanda vya hoteli ni vya bei. Ilikuwa sheria ya haki. Nikaapa moyoni kwamba usiku ule nisingekunywa hata tone la maji.

Hoteli ya pili ilikuwa ya mwanamke aliyeitwa Mama Denise, mjane, mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuagiza. Ndipo nilipoikuta ile harufu. Sakafu ilikuwa nyekundu, inang'aa, na miguu yangu, mmoja na kiatu na mmoja bila, ilitia alama. Ukutani kulikuwa na kibao cha mbao kilichoandikwa kwa rangi. Na chini ya dirisha, mezani, alikuwa amekaa askari mmoja mkubwa ambaye wote walimwita komanda. Alikuwa amevua buti. Mkononi alikuwa na kamba nyeusi zenye vifuko vidogo vya ngozi, na kifuani zingine. Wakati ule askari wa kila upande walivaa dawa za namna hiyo, za kuzuia risasi. Radio yake ilikuwa ikiimba kwa Lingala, na tulipoingia akapunguza sauti.

"Karibuni," alisema Mama Denise. "Muko bangapi?"

"Tuko babili, mama. Mimi na mutoto yangu. Tunaomba chambre ya leo tu, kesho tunaenda Butembo."

"Mutoto yako?" Mama Denise akamtazama kuanzia kitambaa mpaka vidole vya miguu. "Unajua kusoma? Soma pale."

Dada akasoma kibao kwa sauti ndogo, kwamba mtoto asiyetimiza miaka kumi na nane hapokelewi bila mzazi. "Mais mimi ndiye muzazi," akasema.

"Uko na miaka ngapi?"

"Makumi mbili na ine."

Uongo ulikuwa mzuri. Aliutoa bila kupepesa, na ninaamini mtu wa Kinshasa ama wa Kisangani angeuchukua mzima. Lakini Mama Denise hakuwa mtu wa Kinshasa. Aliinama, akanishika kidevu, akaniuliza kwa upole: "Na weye, banakuita nani?"

"Kavira," nikajibu kwa sauti ya kanisani.

Msomaji ambaye si Mnande, mtu wa kabila letu, lazima nimweleze. Kwetu jina halichaguliwi, linakungoja. Binti wa kwanza wa mama ni Masika. Anayemfuata ni Kavira. Wavulana nao wana majina yao kwa zamu zao, Paluku, Kambale, na kuendelea. Ukimtajia Mnande jina lako amekwisha kujua wangapi walikutangulia tumboni, na mwenye Kavira lazima awe amezaa Masika kwanza. Dada yangu alikuwa amefikiria kikwembe, kitambaa, mabega na miaka. Jina langu hakulifikiria, kwa sababu jina la mtu wa nyumbani unalizoea mpaka hulisikii tena. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, na ya dada yangu iliishia pale juu ya ile sakafu nyekundu.

"Kavira," Mama Denise akarudia taratibu. Akasimama wima. "Na Masika?"

Nilimtazama dada. Niliona ni swali rahisi. Masika alikuwa amesimama pale pale, na kama mkono wangu usingekuwa umebanwa ndani ya wake ningemwonyesha kwa kidole. Radio ilikuwa imezimwa kabisa sasa.

"Alikufa," dada akasema.

Huko kwa Mukaka tulifundishwa kwamba kifo hakichezewi mdomoni. Mtu haweki jina la aliye hai karibu na neno lile, hata kwa mzaha, kwa maana neno lina masikio. Na dada yangu, mwenyewe, kwa mdomo wake, alikuwa amesema kwamba Masika amekufa.

Komanda akacheka kidogo. "Mutoto alikufa? Mwanamuke kijana hivi?" Akatutazama, na hakuwa anatazama mimi. "Oyo nde mwasi ya nani?" akauliza kwa Lingala, kisha akarudia kwa Kiswahili, ili sote tuelewe: "Huyu ni mwanamuke wa nani?" Akanyoosha miguu yake. "Bon. Maman Denise, umupatie chambre. Na umuambie yeye ndiye ataniletea chakula yangu kule ndani."

Kidole cha dada kilikuwa kimeingia katika kiganja changu kama kucha ya kuku. Mimi sikujua chakula kina ubaya gani. Lakini nilijua mkono wa dada yangu, na mkono ule ulikuwa unaniambia tumekwisha.

Mama Denise akageuka kuwa mtu mwingine. "Donc uko na kilio!" akapiga kelele, akamshika dada bega, akamtikisa. "Uko na kilio, na unaingia mu nyumba ya batu na nywele juu ya kichwa? Nani alikufundisha? Ulizika mutoto na hawakukunyoa? Unataka kufa kunifuate mpaka huku, mu nyumba yangu, mbele ya bageni yangu?" Akakivuta kile kitambaa cha Mukaka, kikaanguka, na nywele zote zikatoka. "Mungu wangu! Mutazame! Kuya hapa, mupagani weye!" Akamburuta kupitia mlango wa nyuma, huku akiita jikoni waletewe maji na wembe.

Nilibaki peke yangu katikati ya chumba. Kwetu mzazi aliyefiwa hunyolewa kichwa, na kichwa kilichotoka kunyolewa watu hukipisha njia. Hilo nililijua. Nilijua pia kwamba ananyolewa mtu ambaye kweli ana maiti. Kwa hiyo yule mwanamke alikuwa ameamini. Masika alikuwa amekufa kwa watu watatu sasa, dada, Mama Denise na komanda, na mimi ndiye niliyekuwa nimebaki kumshikilia.

"Weye, kadogo. Kuya hapa."

Nikaenda, kwa sababu hakuna mtoto wa siku zile aliyeitwa na askari akakataa. Alikuwa na macho mekundu na harufu ya bia, na kwa karibu alionekana mchovu, kama mtu ambaye hajalala kwa siku nyingi.

"Baba yako iko wapi?"

"Alikufa," nikasema. Hilo lilikuwa kweli, na nililisema kama ninavyosema jina la mtaa wetu.

"Yeye pia? Baaskari balimuua?"

"Sijue. Ni ugonjwa."

"Na ule Masika?"

Sikutaka kusema. Nilifunga mdomo mpaka meno yakauma. Komanda aliinama karibu, akaniuliza tena, polepole, na nilikuwa nimeagizwa nisifanye watu watutupe nje. "Masika alikufa," nikasema. Halafu nikakumbuka kile kibao ukutani, nikaona ni vizuri nimwondolee wasiwasi huyu mzee aliyeonekana kuwa na sauti katika hoteli. "Mais mimi sikojoe tena ku kitanda," nikamwambia.

Akacheka, kicheko cha kweli, akapiga paja lake. Na hapo hapo, kutoka nyuma ya nyumba, dada yangu akaanza kulia.

Sijawahi kumsikia analia namna ile, kabla wala baada. Si kilio cha kupigwa. Kilitoka chini, kirefu, bila maneno, kama cha wamama wanapofuata jeneza. Kicheko cha komanda kilikatika. Akashika zile kamba za mkononi mwake, moja moja, kama anazikagua kama bado zipo. Alinitazama na mimi, mtoto wa nyumba ambayo watu wake wamekufa wote, na akalisogeza goti lake lisiniguse. Kisha akachukua chupa, akachukua buti, akatoka kwenda kukaa barazani. Mama Denise alipotokea na mikono iliyolowa, alimwambia akiwa mlangoni bila kugeuka: "Ule mwanamuke asinipite mbele. Na asiguse sahani yangu. Unasikia?"

"Nasikia, komanda," Mama Denise akajibu, kwa heshima.

Mambo mengine niliyaelewa nikiwa mtu mzima. Watu wa dawa walikuwa na miiko mingi kuliko mapadri. Huyu hali boga, yule havuki maji ya kuoshea vyombo, mwingine hapokei kitu katika mkono wa mwanamke mwenye msiba mbichi, maana dawa yake itakufa na risasi itampata. Mwenye hoteli aliyetaka kuishi ilimpasa kuijua miiko ya kila mgeni wake kabla ya kuweka chungu motoni. Mama Denise aliijua yote, na mwiko wa komanda ulikuwa ule wa msiba. Na kile kibao, kumbe hakikuandikwa kwa ajili ya vitanda. Alikitundika mwenyewe, ili afande akija na msichana wa watu amemshika mkono, yeye mjane asiye na bunduki awe na kitu cha kuonyesha. Wakati mwingine kilimsaidia. Nimesikia kwamba mara nyingi hakikumsaidia.

Lakini siku ile mimi nilimchukia kwa moyo wangu wote. Dada aliingizwa ndani akiwa hana nywele. Kichwa chake kilikuwa kidogo, kimepauka, na nyuma ya sikio palitoka damu mahali wembe ulipoteleza. Masikio yalionekana makubwa. Hakunitazama. Mama Denise hakutupeleka kwenye mlango wowote wenye namba. Alitupitisha jikoni, akatuingiza katika chumba chenye godoro lake, nguo zake na picha ya mume wake, akaweka sahani ya ugali na sombe, majani ya muhogo, sakafuni.

"Mu hotele yangu batoto hapana kulala," akasema kwa sauti ya chini, akimtazama dada. "Mu chambre yangu, batoto banalala." Aliweka mkono juu ya kile kichwa, akauondoa, akatoka, na tukasikia akivuta benchi na kulaza mwili wake mzito nje ya mlango wetu.

Dada hakula. Mimi nilikula, bila kunywa maji. Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Kovu lake la jembe lilikuwa juu ya mguu, mahali pake. Alipokohoa, kikohozi kilikuwa chake. Lakini nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu kwamba Masika amekufa, nimelisema mwenyewe, na nimeona akinyolewa na kuliliwa. Huyu aliyelala na mgongo kwangu alikuwa Mama Kavira. Yaya sikujua ameenda wapi, na niliogopa kuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kutolitaja lile jina na kwa sababu niliogopa kwamba nikiliita hakuna atakayeitika.

Asubuhi dereva alikuwa rond-point, uso umevimba, lori tupu. Alipoona kichwa cha dada alitupandisha mbele pamoja naye. Njia ya Butembo ilikuwa na vizuizi vingi. Katika kila kizuizi askari walipanda kwenye ngazi ya lori, wakaangaza tochi za macho yao ndani, wakaanza, "Huyu kijana..." na kila mara dada alifanya jambo moja tu. Alikivuta kitambaa cha Mukaka kikaanguka mabegani. Wakaona. Wakashuka. "Pole, mama," mmoja alisema, kijana mdogo kuliko yeye. Dada akamjibu, "Asante." Hakukosea. Mabega yake yalikuwa yameshuka kama jana kati ya migomba, ila sasa hakuna aliyecheka, na mimi niliona hayashushwi tena kwa makusudi.

Baridi ya Butembo ilitupokea. Kutoka kituoni mpaka kwetu ni mtelemko na mpando, na dada alikwenda kichwa wazi, kitambaa mkononi, kama aliyesahau. Majirani walisimama milangoni. Kwetu mtu haulizi anapoona kichwa kimenyolewa hivyo. Anaingia ndani kutafuta unga, ama kuni, kisha anakufuata. Nilipogeuka niliona wamama wanne au watano wanakuja nyuma yetu polepole, na kuni kichwani.

Mama alikuwa uani anakunja vitambaa. Kwanza aliniona mimi na kiatu changu kimoja, akaanza kucheka. Kisha akamwona dada. Vitambaa vikaanguka kwenye matope, na mama hakuwa mtu wa kuangusha bidhaa.

"Ni mama yangu?" akauliza. "Ni Mukaka?"

Dada akatikisa kichwa.

"Sasa ni nani? Museme. Kichwa ile ni ya nani? Nani alikufa?"

Dada alijaribu. Midomo ilisogea. Tangu alipolia nyuma ya ile nyumba alikuwa amezungumza na askari tu. Mama akanishika mimi mabega yote mawili, akapiga magoti matopeni ili macho yetu yalingane. "Kavira, weye uko mukubwa. Uniambie. Nani alikufa?"

"Ni Masika," nikasema, na nikaangua kilio.

Wamama wa kuni walikuwa wameingia uani, wakasikia. Mama alibaki amepiga magoti, akimtazama binti yake mkubwa aliyesimama hai mbele yake, vikwembe viwili vya Mukaka kiunoni, damu imekauka nyuma ya sikio. Alimtazama kuanzia chini mpaka juu, polepole, na nikaona uso wake unapita mahali pabaya, kisha pabaya zaidi. Akasimama, akamwendea, akamwuliza kitu sikioni. Dada akasema, "Hapana, mama. Hapana. Hakunigusa." Mama akamshika kile kichwa kwa mikono miwili, akapapasa kila mahali kama anatafuta palipopasuka, akanusa, akaweka shavu lake juu. Machozi yake yalikuwa yanamtelemkia dada usoni.

"Mama Paluku, tuweke kuni wapi?" mmoja wa majirani akauliza kwa upole. Yule Paluku alikuwa kaka yetu aliyekufa akiwa mchanga.

"Huku hakuna mufu," mama akasema. Alijipangusa uso. "Batoto yangu bako hapa bote. Musikie." Halafu, akiwa amemshika dada mikono, karibu kabisa, akaita kwa sauti iliyofika barabarani: "Masika!"

Dada akageuka akatazama nyuma yake.

Mama akaita tena. Wale wamama walikuwa wamesimama na kuni kichwani, hakuna aliyezishusha wala aliyeondoka. Mama akaita tena, na tena, sauti imeanza kukauka, na mimi nikaanza kuita pamoja naye, mpaka yaya akaitika.